Kikohozi cha Mzee Si Uzee Tu

Mama mpendwa, hebu tuanze na swali dogo. Kadi ya kliniki ya mtoto wako wa mwisho iko wapi? Wengi wenu mtajibu bila kufikiri: iko kabatini, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Unajua alichanjwa surua lini, na unajua amebakiza chanjo gani. Sasa swali la pili. Mama mkwe wako anayelala chumba cha pili, au baba yako aliyebaki kijijini, amepata chanjo gani tangu alipovuka umri wa miaka 60? Hapo wengi wetu hunyamaza.

Hatunyamazi kwa kukosa upendo. Tumekua tukijua kwamba chanjo ni mambo ya watoto na wajawazito, na mzee akishaota mvi amemaliza habari za sindano. Isitoshe, tumezoea kuupokea ugonjwa wa mzee kama jambo lililotarajiwa. Anaanza kukohoa, anaishiwa nguvu, anakataa chakula, na baada ya siku kumi anatutoka. Tunasema, "Ni uzee tu." Tunazika, tunaanua tanga, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Hakuna anayeuliza kikohozi kile kilikuwa cha nini.

Katika makala hii tunataka kuuliza swali hilo. Mara nyingi kikohozi kinachomwangusha mzee ni ugonjwa wenye jina lake, ulioingia nyumbani kwa kupitia mtu fulani, tena wiki fulani. Na baadhi ya magonjwa hayo leo yana chanjo. Mama wa nyumbani, ambaye ndiye mwenye kushika kadi za watoto, ana nafasi kubwa ya kuwakinga na wazee pia.

KWA NINI MZEE HAUGUI KAMA MTOTO

Mwili una askari wake wa kupambana na magonjwa. Kadiri miaka inavyosogea, askari hao hupungua wepesi. Huchelewa kumtambua adui, na hata wakimtambua hutoka wachache. Mapafu nayo hupoteza ule mnyumbuko wa ujanani, na misuli ya kifua hulegea, hata mzee anashindwa kukohoa kwa nguvu na kutoa makohozi. Makohozi yakituama mapafuni, bakteria hupata mahali pa kuzaliana. Hivyo ndivyo mafua yaliyoanza kama mzaha yanavyogeuka kuwa nimonia.

Kwa akina mama wazee wa huku kwetu kuna jambo la ziada. Wengi wao wamepika kwa kuni miaka 40 au 50, wakiinama juu ya mafiga katika jiko lisilo na dirisha. Moshi ule hauishii kwenye macho. Huharibu njia za hewa kidogo kidogo, na bibi anafika uzeeni akiwa na mapafu yaliyokwisha kuchoka hata kabla ugonjwa haujabisha hodi.

Tena wazee wengi wana presha, kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo. Magonjwa ya njia ya hewa huyachochea hayo yote. Utafiti uliofanyika Ontario, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba katika siku saba za kwanza baada ya mtu kuthibitishwa kuwa na homa ya mafua makali, hatari ya kupata shambulio la moyo ilikuwa kama mara sita ya ile ya siku za kawaida. Kwa hiyo mzee anaweza kufa kwa moyo, na watu wakasema ni moyo, kumbe aliyefungua mlango ni mafua.

Jambo jingine la kuangalia ni dalili. Mtoto akiugua huchemka mwili na kulia, na nyumba nzima ikajua. Mzee anaweza asiwe na homa kabisa. Utaona tu amechanganyikiwa, anawaita watu kwa majina yasiyo yao, ameanguka alipokuwa akienda msalani, au amelala mchana kutwa na uji wake umepoa mezani. Wengine hudhani ni malaria na kununua dawa dukani. Wengine hudhani ni uzee. Siku zinapita, na mapafu yanajaa.

MAGONJWA MATATU YANAYOFANANA

Virusi vinavyoshambulia njia ya hewa ni vingi, lakini vitatu ndivyo ambavyo mama wa nyumbani anafaa kuvijua kwa jina, kwa sababu vinawaumiza sana wazee na vyote vitatu vina chanjo.

Cha kwanza ni kirusi cha homa ya mafua makali, ile inayoitwa influenza. Haya si mafua ya kawaida ya kupiga chafya siku mbili tatu. Hushika ghafla, kwa maumivu ya mwili, kichwa, homa na uchovu wa kulaza kitandani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka duniani kwa matatizo ya upumuaji pekee. Huko Marekani, ambako kumbukumbu hutunzwa kwa karibu, katika misimu mingi watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi huwa kati ya asilimia 70 na 85 ya wanaokufa kwa ugonjwa huo. Nchi za baridi huupata zaidi wakati wa majira ya baridi. Huku kwetu karibu na ikweta kirusi hiki huzunguka karibu mwaka mzima, na kwa hiyo ni rahisi kutokitambua.

Cha pili tunakijua sote: kirusi cha UVIKO-19, au Korona. Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura tarehe 30 Januari 2020 na kuiondoa tarehe 5 Mei 2023. Kuondolewa kwa dharura hakukuwa kuondoka kwa kirusi. Bado kinazunguka, na bado umri mkubwa ndio hatari kubwa kuliko zote.

Cha tatu wengi hawajakisikia. Wataalamu hukiita kwa herufi tatu, RSV. Kwa mtu mzima mwenye nguvu huleta mafua mepesi tu. Lakini kwa mtoto mchanga na kwa mzee kinashuka hadi ndani ya mapafu, pumzi ikawa ya kufukuzia na kifua kikapiga filimbi. Kwa miaka mingi madaktari walikihesabu kuwa ni ugonjwa wa watoto. Walipoanza kuwapima wazee waliolazwa, wakakikuta na huko.

Magonjwa haya matatu hayatofautishwi kwa macho. Hata daktari mzoefu huhitaji kipimo. Kwa hiyo usijilaumu ukishindwa kujua ni kipi. Lililo muhimu ni kujua kwamba kikohozi kile kina chanzo.

NANI HUYALETA NYUMBANI?

Mzee wa miaka 75 haendi mbali. Anaota jua barazani, anakwenda kanisani Jumapili, labda msibani na sokoni siku moja moja. Ugonjwa humfuata nyumbani, na mara nyingi unaobeba ni mkono mdogo.

Kuanzia mwishoni mwa 2009 hadi katikati ya 2010, watafiti wa Kilifi, katika pwani ya Kenya, walizitembelea kaya 47 za kijijini. Walichukua vipimo vya pua vya watu wote wa kila nyumba, wagonjwa na wazima, mara kwa mara, wakikisaka kirusi cha RSV. Walitaka kujua ni nani humwambukiza mtoto mchanga. Walikuta kwamba pale maambukizi yalipotokea ndani ya nyumba, mara nyingi aliyetangulia kuugua alikuwa kaka au dada mkubwa, tena wengi wao wanafunzi. Utafiti ule ulihusu watoto wachanga, lakini mlango ni ule ule. Mwanafunzi anayemshika mdogo wake ndiye huyo huyo anayelala na bibi, anayemletea maji ya kunawa na kula naye sahani moja.

Habari ya Japani inalionyesha jambo hili vizuri zaidi. Nchi hiyo ilianza mwaka 1962 kuwachanja watoto wa shule dhidi ya homa ya mafua makali. Mwaka 1987 wazazi waliruhusiwa kukataa, na mwaka 1994 mpango ukasimamishwa. Mwaka 2001 watafiti walichapisha hesabu ya vifo vya miaka yote ile. Vifo vya majira ya baridi vilishuka watoto walipokuwa wakichanjwa, vikapanda tena walipoacha. Walikadiria kwamba mpango ule ulikuwa ukizuia vifo kati ya 37,000 na 49,000 kila mwaka, na wengi wa waliookolewa walikuwa wazee. Sindano iliingia kwenye mkono wa mjukuu, uhai ukabaki kwa babu.

Na huku kwetu pia tumeliona. Mwaka 2011 Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya nimokoki, bakteria wanaoleta nimonia na uti wa mgongo. Tanzania ikafuata mwaka 2013. Huko Kilifi watafiti waliona magonjwa makali yanayoletwa na aina za bakteria zilizomo katika chanjo hiyo yakipungua hata kwa watu wazima ambao hawakuchanjwa. Kwa hiyo mama, kila unapokamilisha kadi ya mtoto wako, umemfanyia kazi na bibi yake.

CHANJO ZILIZOPO NA KAZI YAKE

Chanjo ya homa ya mafua makali. Hii hutolewa kila mwaka, kwa sababu kirusi chake hubadili sura. Mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, Shirika la Afya Duniani hukutanisha wataalamu kupendekeza aina za virusi zitakazowekwa katika chanjo ya msimu unaofuata. Katika mwaka ambao chanjo imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza uwezekano wa kuugua hadi kumwona daktari kwa kiasi cha asilimia 40 hadi 60. Kwa wazee kinga hiyo huwa ndogo kidogo, ndiyo maana zipo pia chanjo zilizoongezwa nguvu kwa ajili ya wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Mwili huhitaji kama wiki mbili kujenga kinga baada ya sindano.

Chanjo ya UVIKO-19. Kenya ilianza kuitoa mwezi Machi 2021. Tanzania ilizindua chanjo tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam. Watu wa umri wa miaka 50 na zaidi walikuwa miongoni mwa waliopewa nafasi ya mbele. Wazee wengi waliochanjwa wakati ule wanadhani wamemaliza. Kinga ya chanjo hii hupungua kadiri miezi inavyopita, na Shirika la Afya Duniani linashauri wazee sana na wenye magonjwa ya kudumu warudie baada ya muda. Ulizia hospitali ya wilaya yenu kama inapatikana na mzee wako anastahili lini.

Chanjo ya RSV. Hii ina historia ndefu, na ni vema uijue, maana inajibu wale wanaosema chanjo hutengenezwa haraka haraka bila uangalifu. Kirusi hiki kilitambuliwa Marekani mwaka 1956, kwanza kwa sokwe waliokuwa na mafua, na mwaka uliofuata kwa watoto. Katika miaka ya 1960 chanjo ya kwanza ilijaribiwa kwa watoto, ikaleta msiba. Watoto waliochanjwa, walipokutana na kirusi chenyewe, waliugua zaidi kuliko wasiochanjwa, na wawili walifariki. Kazi ikasimamishwa. Kwa miaka mingi wanasayansi walitafuta kosa lilikuwa wapi. Ilikuwa mwaka 2013 ndipo watafiti wa Marekani walipoonyesha umbo halisi la protini ambayo kirusi hutumia kuingia ndani ya chembe za mwili, jinsi ilivyo kabla haijajikunjua. Chanjo mpya ilitengenezwa kwa umbo hilo.

Chanjo ya kwanza ya RSV kwa wazee, iitwayo Arexvy, iliidhinishwa Marekani tarehe 3 Mei 2023. Ilikuwa imejaribiwa kwa watu karibu 25,000 wenye umri wa miaka 60 na zaidi katika nchi 17. Ilipunguza ugonjwa wa RSV wa mapafu na njia za chini za hewa kwa asilimia 82, na ugonjwa mkali kwa asilimia 94. Mwezi huo huo ikafuata ya pili, Abrysvo, ambayo pia hutolewa kwa mama mjamzito ili kumkinga mtoto atakayezaliwa. Uingereza ilianza mwaka 2024 kuwachanja wazee kuanzia umri wa miaka 75. Kwa sasa hutolewa dozi moja, wala hairudiwi kila mwaka.

Sasa tuseme ukweli kuhusu upatikanaji. Kwa watoto serikali zetu hutoa chanjo bure, lakini kwa wazee mambo bado ni machanga. Chanjo ya homa ya mafua makali kwa kawaida hupatikana kwa kulipia, katika baadhi ya hospitali binafsi na kliniki za chanjo za mijini. Chanjo ya RSV kwa wazee haijaingia katika mipango ya chanjo ya taifa ya Tanzania wala Kenya. Wasomaji wetu wenye wazazi au ndugu walioko Ulaya na Marekani wawahimize wasiipite nafasi iliyo karibu nao.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, sindano ya mafua yenyewe haiwezi kumletea mzee mafua?

Hapana. Chanjo ya sindano imetengenezwa kwa virusi vilivyokwisha kuuawa au kwa vipande vyake tu, na kilichokufa hakiwezi kuzaliana mwilini. Mkono unaweza kuuma, mwili ukachoka, homa kidogo ikatokea siku moja au mbili. Hiyo ni dalili kwamba askari wa mwili wameamka. Kama mzee ameshikwa na mafua wiki ile ile, basi huenda alikuwa ameambukizwa kabla kinga haijajengeka, au amepata kirusi kingine kisichohusika na chanjo hiyo.

Jirani yetu alichanjwa na bado akaugua. Faida iko wapi?

Chanjo hizi hazizuii kila ugonjwa. Kazi yake kubwa ni kuzuia ugonjwa usifike mahali pa kulazwa, kuwekewa oksijeni au kufa. Mzee aliyeugua siku nne akiwa nyumbani, akinywa uji wake, pengine angekuwa wodini bila ya chanjo. Bahati mbaya balaa ambalo halikutokea halionekani, kwa hiyo ni rahisi kulidharau.

Mama yangu ana presha na kisukari. Si ndiyo sababu ya kumwepusha na chanjo?

Ni kinyume chake. Watu wenye magonjwa hayo ndio wanaotangulizwa. Mwambie mhudumu magonjwa aliyo nayo, dawa anazotumia na mzio wowote aliowahi kuupata. Akiwa na homa kali siku hiyo, subirini apone kwanza. Baada ya sindano akae hapo kituoni kama dakika 15 ili aangaliwe.

Je, hakuna madhara makubwa kabisa?

Yapo, lakini ni ya nadra sana. Kwa mfano, mwezi Januari 2025 wakala wa dawa wa Marekani ulitaka chanjo mbili za RSV tulizozitaja ziwe na onyo juu ya ugonjwa wa kupooza mishipa ya fahamu uitwao Guillain-Barré. Hesabu yao ilionyesha nyongeza ya wagonjwa wasiofika 10 kwa kila dozi milioni moja. Ni vema kulijua hilo, na ni vema pia kulipima dhidi ya hatari ya ugonjwa wenyewe kwa mzee wa miaka 75 au 80.

Mzee ameshakula chumvi nyingi. Fedha hizo si afadhali tulipe ada ya watoto?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, lakini huulizwa. Jibu lake la kwanza ni la hesabu: gharama ya kulazwa, oksijeni, nauli za ndugu na siku za kazi zilizopotea ni kubwa kuliko ya sindano. Jibu la pili mnalijua wenyewe. Bibi anayebaki na wajukuu ili mama aende sokoni, anayejua mipaka ya shamba na anayepatanisha ndugu wanapogombana, hahesabiwi kwa umri wake. Na hata asiyeweza tena kufanya lolote kati ya hayo anastahili kupumua bila tabu.

ANZIENI NYUMBANI

Tunashauri hatua chache ambazo mama yeyote anaweza kuzianza mwezi huu.

1. Mtengenezee mzee kadi yake. Daftari dogo la shule linatosha. Andika mwaka aliozaliwa, magonjwa aliyo nayo, dawa anazotumia, mzio, chanjo alizopata na tarehe zake. Liweke pamoja na kadi za watoto. Siku ya dharura daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo ya watu watano wanaozungumza kwa pamoja.

2. Zungumza na mume wako kwanza, halafu na ndugu. Mama mkwe ana watoto wake, na hatua ya kumpeleka hospitali isionekane kuwa ni amri ya mkamwana. Mumeo akilibeba, mawifi na mashemeji watachangia kwa moyo. Familia zinazochanga kwa ajili ya msiba zinaweza pia kuchanga kwa ajili ya sindano, nayo ni nafuu zaidi.

3. Mweleze mzee mwenyewe kwa heshima. Usizungumze juu ya mwili wake kama hayupo. Mwambie kwa upole, "Mama, watoto wanaporudi shuleni na mafua tunahofia wasikuambukize. Tungependa utusindikize hospitali ukachanjwe, nasi tutakuwa pamoja nawe." Akikataa leo, msigombane. Mwachie nafasi ya kuuliza. Mara nyingi anayemshawishi mzee ni mzee mwenzake aliyekwisha kuchanjwa.

4. Siku ya kliniki yake ya presha au kisukari, uliza habari za chanjo. Usisubiri uambiwe. Uliza maswali matatu: Ni chanjo gani za watu wazima zinapatikana hapa au hospitali ya karibu? Zipi zinamfaa mzee huyu? Bei yake ni kiasi gani? Uliza pia kuhusu chanjo ya nimokoki kwa watu wazima, maana bakteria hao hupenda kuingia nyuma ya virusi.

5. Fikirieni safari za mwisho wa mwaka. Mwezi Desemba mabasi hujaa watu wanaopanda Moshi, Bukoba, Mbeya na Njombe kwenda kula sikukuu kwa wazazi. Watoto wametoka katika madarasa yenye msongamano, wamekaa ndani ya basi kutwa nzima madirisha yakiwa yamefungwa, na jambo la kwanza wanalofanya wakifika ni kumkumbatia babu. Kama mzee atachanjwa, achanjwe angalau wiki mbili kabla ya wageni kufika. Na mtoto mwenye mafua asilale chumba kimoja na bibi, hata kama analia anamtaka. Muelezeni kwamba ndiyo namna ya kumpenda.

IKIWA CHANJO HAIPATIKANI

Wako wasomaji wetu walio mbali na miji, ambako hata zahanati ni mwendo wa saa mbili. Msikate tamaa. Yapo mengi ya kufanya.

Kamilisheni chanjo za watoto. Tumeona jinsi zinavyomfaa mzee. Fungueni madirisha mchana ili hewa ipite, kwa sababu virusi hivi hupenda chumba kilichofungwa. Mhamishieni bibi kitanda mbali na moshi wa jiko, na mwenye mafua ndani ya nyumba avae barakoa anapomhudumia. Watoto wazoezwe kunawa mikono kwa sabuni watokapo shule, na kukohoa kwenye mkunjo wa kiwiko. Mzee awe na kikombe chake. Apate chakula chenye maharage, dagaa, mayai au maziwa, wala asiachiwe chai na mkate peke yake, maana askari wa mwili nao hula. Aketi au atembee kidogo kila siku, kwa kuwa kulala siku nzima huyafanya makohozi yatuame.

Msimpe antibiotiki zilizobaki za mtu mwingine. Dawa hizo haziui virusi, na zikitumika ovyo zitashindwa kufanya kazi siku atakapozihitaji kweli.

Na mpelekeni kituo cha afya bila kungoja kesho mkiona lolote kati ya haya:

- anapumua haraka, au mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa;
- hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika;
- midomo au kucha zimegeuka rangi;
- ana maumivu ya kifua, au anakohoa damu;
- amechanganyikiwa ghafla, au ni vigumu kumwamsha;
- amekataa kula na kunywa kwa siku nzima;
- alikuwa anapata nafuu, kisha homa na kikohozi vimerudi kwa nguvu.

Mkifika, semeni wazi: "Ni mzee wa miaka kadhaa, ana kikohozi tangu siku fulani, na nyumbani kuna watoto waliokuwa na mafua." Ulizeni kama kuna dirisha la wazee ili asikae kwenye foleni ndefu. Ikiwa mhudumu atawaambia kwamba hali hiyo ni uzee, ombeni kwa heshima apimwe kifua, homa na kiasi cha oksijeni mwilini. Kifaa cha kupimia oksijeni hubanwa kidoleni tu, hakiumizi, na jibu lake hutoka kwa muda mfupi.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba, nasi tumelitumia neno hilo kwa watoto wetu hadi tukaishinda surua na polio katika nyumba nyingi. Jioni ya leo, watoto wakishalala, chukua daftari ukae karibu na mama mkwe wako. Muulize alizaliwa mwaka gani, na aliwahi kuchanjwa nini. Huenda akacheka kwa swali hilo, huenda akakueleza habari za ndui ya zamani na kovu lililo begani mwake. Andika yote anayokuambia.